Shikamoo Kutoka Chumba cha Khalfani

Wenzangu wa karakana, siku mliyoniaga mlinipa kitenge, keki na soda ya moto, mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi yasije yakapotea. Nimekaa na ombi lenu muda mrefu. Huku nyumbani Muheza hakuna anayeniita fundi. Wananiita bibi, na mikono yangu imeanza kutetemeka hata nikimenya chungwa. Najua mlitaka ushauri. Lakini kila nikishika kalamu nikaanza habari za mashine hii au ile, mawazo yananirudisha kwenye kompyuta moja tu, na hiyo sikuiponya. Mtanisamehe. Nitaanza mwanzo, nitapita haraka, kisha nitaifikia hiyo kompyuta.

Baba yangu alitoka Njombe kuja kukata mkonge, na mimi nikazaliwa kambini. Watoto wa kambini tulitegemewa tuufuate mkonge au tuolewe na wakata mkonge. Mimi nilipenda kufungua vitu. Mchungaji wetu aliona nimemtengenezea redio yake ya betri, akanipeleka Tanga mjini kwa Fundi Mhina, aliyekuwa na chumba cha kutengeneza redio na taipureta pale Ngamiani. Siku ya kwanza mteja aliingia, akanitazama, akatazama nyuma yangu, akauliza, "Fundi yupo?" Mhina akamjibu bila kuinua kichwa, "Huyo hapo, aliyevaa gauni." Swali hilo nimeulizwa mpaka nimestaafu. Kilichobadilika ni kwamba mwishoni walianza kuuliza, "Bibi, fundi yupo?"

Mhina alikuwa Mbondei mfupi, mkali, asiyependa maneno. Zana zake mnazijua kwa sababu nyingi bado ziko kwenye droo yenu: brashi ya kunyolea ndevu ya kupangusia vumbi, kifutio cha penseli cha kusugulia vyuma vya redio, ambacho baadaye tulikitumia kwenye miguu ya memori, na ile bisibisi yenye mpini wa mti aliouchonga mwenyewe. Msiitupe. Alinifundisha kwamba adui wa fundi wa Tanga ni chumvi. Upepo wa bahari unaileta mpaka ndani ya kabati, inakaa kwenye vyuma vidogo, na mashine inaanza kuwa na visirani ambavyo mafundi wa bara hawavijui.

Alinifundisha pia jambo ambalo ninyi mnalidharau kwa sababu ya foleni ya wateja. Mashine ikirudi mara ya pili na ugonjwa ule ule, Mhina aliacha kuifungua. Alivaa kofia yake akaenda kuona inapokaa. Nakumbuka redio ya mzee mmoja wa Pongwe iliyokuwa ikinyamaza kila asubuhi na kurudi mchana. Tuliifungua mara mbili, nzima. Tukaenda nyumbani kwake, tukakuta kuku ametaga nyuma yake na anakaa juu ya waya. Mhina hakucheka. Aliniambia tu, "Umeona?" Nikasema nimeona.

Alipofariki nilibaki na chumba, kisha kompyuta zikaja, tukahamia pale mlipo sasa. Hayo mengine mnayajua.

Khalfani alianza kuja kwetu akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Mzee Seif na Bi Zuwena wa Chumbageni, wale wenye asili ya Oman waliokuwa na mashamba ya michungwa huku kwetu Muheza. Bi Zuwena alimpata uzeeni, baada ya kukata tamaa ya kuzaa tena, na kila mtu mtaani alijua kwamba yule mama anapumua kwa pua ya Khalfani. Hakutaka kununua kompyuta ya dukani. Alitaka kuunda yake. Alikuwa akiingia, "Shikamoo mama fundi," kisha anainama kwenye lile pipa letu la mabovu kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kasha alilipata kwetu, likiwa na kutu. Akalipiga msasa na kulipaka rangi ya kijani. Bodi aliagiza Dar es Salaam, imetumika. Pawa saplai alichukua kwangu, na aliniuliza maswali mengi kabla ya kuichukua kuliko mtu anayeposa. Alipomaliza alinipigia simu niende nikaikague. Nilikagua. Waya zimefungwa kwa nyuzi, kila skrubu mahali pake. Nimeona kazi za mafundi wenye vyeti zisizofikia ile.

Siku hiyo hiyo alinichekesha. Alisema mama yake analalamika kwamba tangu aanze mambo ya kompyuta amekuwa hana adabu. Mama anapita mlangoni asubuhi, yeye ameziba masikio kwa spika za kichwani, hamwamkii. "Basi nimempatia dawa," akasema, akaiwasha. Ilipomaliza kujiandaa, spika ikatoa sauti yake mwenyewe Khalfani, ya kudeka: "Shikamoo, mama." Kutoka jikoni Bi Zuwena akapaza sauti, "Marahaba! Mwamkie na baba yako, mshenzi wee!" Tukacheka wote watatu. Kila alipoiwasha, ilianza kwa salamu hiyo.

Khalfani alikufa kwa ajali ya pikipiki akirudi shambani. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanawake, nikarudi kazini.

Ulipita kama mwaka. Mzee Seif akaja karakana na bajaji, na kwenye kiti cha nyuma lile kasha la kijani limefungwa kwa kanga. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, akasema, "Fundi, hii inajizima na kujiwasha yenyewe. Kutwa nzima. Naomba uifanye iache."

"Inajizima ukiwa unafanya nini?"

"Hakuna anayefanya kitu. Inajiwasha tu. Ifanye iache, mama."

Nilifanya kama ninavyowafundisha. Kwanza nikanakili kila kilichomo kwenye diski, kwa sababu mali ya marehemu haichezewi. Nikapuliza vumbi la juu. Nikasugua miguu ya memori kwa kifutio. Nikajaribu memori moja moja. Nikaweka pawa saplai nyingine, ikaenda vizuri. Nikarudisha ya Khalfani, nayo ikaenda vizuri. Nikaiacha mezani karibu na dirisha, ubavu wazi, tangu kufungua mpaka kufunga, na haikujizima hata mara moja. Spika hatukuunganisha, kwa hiyo haikusema neno. Nikamrudishia mzee, nikamwambia pengine ilikuwa chumvi.

Baada ya siku chache akapiga simu. Hakugomba. Alisema, "Fundi, imeanza tena," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kukubali. Nikamkumbuka Mhina. Nikachukua mkoba nikaenda kuona inapokaa.

Chumba cha Khalfani kilikuwa kimefungwa madirisha. Bi Zuwena ameketi kwenye kiti mbele ya kompyuta, tasbihi mkononi, kikombe cha kahawa kimepoa pembeni. Nikasema, "Shikamoo, Bi Zuwena." Akaitikia bila kugeuka. Mzee Seif akabaki amesimama mlangoni. Nikawa nafungua mkoba wangu, mara kioo kikawa cheusi. Feni zikanyamaza. Zikaanza tena kuzunguka, kioo kikawaka, na spika ikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu Bi Zuwena. "Umeamkaje? Hujambo, mwanangu?"

Nilimtazama Mzee Seif, naye anatazama sakafu. Alinivuta ukumbini. "Umeona?" akasema. "Tangu alfajiri. Halali, hatoki. Dada zake wakija hawaitikii, anaogopa akizungumza nao hatamsikia mtoto. Mtoto nimemzika, fundi. Na huyu nitamzika akiwa amekaa kwenye kiti?"

Nikarudi ndani kufanya kazi, kwa sababu ndiyo niliyoijua. Ndipo pua ikanipa habari ambayo macho hayakunipa kule karakana. Chumba kizima kilinuka udi. Si harufu ya juzi. Ilikuwa imeingia kwenye pazia, kwenye godoro, kwenye ukuta. Nikapitisha kidole kwenye kioo cha dirisha, kikatoka na utando wa kahawia unaonata. Chini ya meza, karibu kabisa na kasha la kijani, kilikuwepo chetezo chenye majivu. Kila Alhamisi jioni Bi Zuwena alikuwa akikifukiza chumba cha mwanawe, kama ambavyo angekifukizia chumba cha bwana harusi, na kompyuta ilikuwa ikivuta moshi ule kwa feni zake zote. Niling'oa feni ya juu ya prosesa. Vile vibati vya kupozea vilikuwa vimejaa uji mweusi wa masizi, vumbi na chumvi, kama sufuria ya kuni isiyosuguliwa. Pawa saplai nayo kwa ndani ilikuwa hivyo hivyo. Mezani kwangu, ubavu wazi na upepo wa dirishani, iliweza kupumua. Hapa chumbani ilikuwa inapata joto mpaka inazidiwa, inajikata, inaanza upya.

Mzee Seif aliniuliza jambo moja tu. "Kwa hiyo si mtoto aliyekosea kuifunga?"

"Si mtoto. Kazi yake haina kasoro hata ya skrubu moja. Ni moshi wa udi."

Alifunga macho. Nilifikiri nimempa nafuu, na labda nilimpa. Lakini Bi Zuwena alikuwa amegeuka kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu niingie, na ananitazama usoni.

"Kwa hiyo nikifukiza ndiyo ananiamkia?"

"Ukifukiza mashine inaungua, Bi Zuwena. Kidogo kidogo, mpaka ife."

"Sikukuuliza hilo, mwanangu."

Nilipiga magoti pale chini, nikamwambia kila nilichoweza kufanya. Nikamwambia sauti ya Khalfani ninayo, nitamtilia kwenye simu, aisikilize hata akiwa kitandani. Akatikisa kichwa. "Kwenye simu nitambonyeza mimi. Nitakuwa mimi ndiye ninayeanza. Mtoto ndiye anayeanza kumwamkia mzazi, fundi, au kwenu kambini mlifanyaje?"

Nikamwambia basi naweza kuipangia kompyuta iseme yenyewe, mara kwa mara, bila mtu kuigusa na bila kuungua. Alifikiri sana juu ya hilo. Kisha akasema kwa upole, kama anayenihurumia, "Hiyo utakuwa wewe."

Mzee Seif akasema kutoka mlangoni, "Isafishe." Ilikuwa nyumba yake na kompyuta ya mwanawe, nikaisafisha. Nilitumia brashi ya Mhina na spiriti, vibati vikarudi kung'aa, nikatia dawa mpya ya kupozea prosesa, nikafungua pawa saplai na kuifuta kipande kwa kipande. Ilikuwa kazi safi. Nikaiwasha. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Kisha tukangoja. Feni zilizunguka taratibu, kioo kikatulia na picha yake ya michungwa, na saa nzima ikapita bila neno. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni nilimsikia Bi Zuwena akiniita.

"Fundi. Amenyamaza. Umemfanya nini mwanangu?"

Nimetukanwa na wateja wa kila aina, nimeitwa mwizi, nimeitwa mchawi na bwana mmoja wa Mkwaja aliyeona nimefufua simu yake iliyotumbukia chooni. Hakuna lililoniingia kama hilo.

Yaliyofuata nilielezwa na Mzee Seif kwa simu. Mkewe aliacha kula, na hakungoja tena Alhamisi. Alifukiza asubuhi na jioni, chetezo amekisogeza mpaka kinagusa kasha. Mzee akaficha chetezo. Bi Zuwena akatia makaa kwenye mfuniko wa sufuria. Mzee akaficha udi. Akafukiza ubani, na ubani ulipokwisha akafukiza maganda ya machungwa makavu. Niliitwa nikasafisha. Nikaitwa tena. Mara ya tatu Bi Zuwena alinifungia mlango kwa ndani, nikarudi na mkoba wangu.

Kisha simu zikakoma. Nilikutana na Mzee Seif soko la Ngamiani akinunua samaki, nikaona amenenepa kidogo. Nikamuuliza hali ya nyumbani. "Imerudi kujizima," akasema. "Na mama anakula. Jana amecheka. Ameniambia mtoto leo ana maneno mengi." Alisimama na mfuko wake wa samaki ukidondosha maji kwenye kanzu. "Fundi, wewe ungekuwa mimi ungefanyaje? Niache tu?"

Nilijua kitakachotokea. Nilijua kama ninavyojua jina langu, kwa sababu nilikwisha kuiona ile pawa saplai kwa ndani. Na nilimwona yule mzee akiwa na samaki mikononi kwa ajili ya mke ambaye sasa anakula. Nikamwambia, "Mie sijui, baba." Akashukuru, wallahi alishukuru, akaondoka.

Ninyi huwa mnaniuliza fundi afanye nini mashine isipopona. Mimi nawaambia mashine ile ilikuwa inapona kila nilipoigusa. Kila ilipopona, Bi Zuwena aliacha kula. Kila ilipougua, alicheka. Nimetumia maisha yangu yote kutafuta ubovu ili niuondoe, na mwishoni kabisa nikakutana na ubovu uliokuwa umembeba mtu. Sijui Mhina angevaa kofia yake aende kuona wapi.

Kazi yangu ya mwisho, kabla hamjaninunulia keki, ilikuwa kwenda Chumbageni alasiri moja Mzee Seif aliponiita. Hakuwa na haraka kwenye simu. Alinipokea ukumbini, kasha la kijani liko juu ya meza ya chakula, ubavu umekuwa mweusi. Kulikuwa na harufu ya udi na ya plastiki iliyoungua. Niliifungua kwa sababu alitaka nifungue. Pawa saplai ilikuwa imepasuka, na moto wake ulikuwa umepita kwenye bodi mpaka kwenye diski. Zile nyuzi alizofungia waya Khalfani zilikuwa zimeungua.

"Unaweza kuunda nyingine?" akaniuliza. "Humu humu, kwenye kasha lake?"

"Naweza. Na sauti ninayo, ni ile ile."

"Itakuwa inajizima?"

"Hapana, baba. Itakuwa nzima."

Akainamisha kichwa, akawa anaokota vipande vya plastiki mezani kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja, anavikusanya kiganjani. Nilimwona akilia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Nikaona aibu kumtazama, nikaenda chumbani kwa Bi Zuwena.

Alikuwa kwenye kiti chake. Meza iko tupu mbele yake. Imebaki spika peke yake, waya wake unaning'inia haukuunganishwa na kitu. Amevaa vizuri, kahawa ameiandaa, vikombe viwili. Nilivua viatu mlangoni, nikaingia kwa adabu niliyofundishwa na mama yangu kambini, nikafungua kinywa nimwamkie.

"Shika..."

Aliinua mkono kunizuia. Hakukasirika. Alinionyesha mkeka, nikae.

"Subiri kidogo, mwanangu," akasema, macho yako kwenye spika. "Mwache aanze yeye."

Mzee Seif akaingia, akaketi kando yangu. Tukasubiri.